Zege Halilali, na Umeme Nao Haulali

Mafundi wa ujenzi wana msemo wao: zege halilali. Maana yake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kushika karai. Zege likishachanganywa halina subira. Baada ya saa chache huanza kuganda, na slabu iliyoanza kumwagwa asubuhi yapasa ikamilike hata kama jua limekuchwa au mvua imeanza. Msemo huo umetoka penye ujenzi ukaingia katika maongezi ya kila siku, na siku hizi hata mtu asiyeujua mwiko wa mwashi huutumia anapotaka kusema kwamba jambo lililoanza lisiahirishwe. Katika makala haya twataka kuurudisha ulikotoka na kuutazama pamoja na chombo kimoja ambacho siku ya zege hakipewi nafasi ya kupumzika, nacho ni mashine ya umeme ya kushindilia zege, ambayo mafundi huiita vaibreta.

Tumeichagua mashine hii kwa sababu haina mfano wake penye ujenzi. Vyombo vingi vya umeme hutengenezwa ili viwe mbali na maji, na mwenye navyo huonywa asivilowanishe. Hiki kimetengenezwa ili kitumbukizwe katika tope la simiti, kikishikwa na mtu ambaye mikono yake imelowa, miguu yake imelowa, na amesimama juu ya wavu wa chuma. Na mtu huyo, katika miji yetu, aghalabu ni kibarua aliyeajiriwa alfajiri ya siku hiyo hiyo.

Kwanza tueleze mashine hufanya nini, maana asiyeijua kazi yake hataona kwa nini haiwezekani kuiacha. Zege linapomwagwa katika boksi la nguzo au juu ya slabu, hewa nyingi huingia pamoja nalo na kunaswa kati ya kokoto. Zamani, na hata leo katika nyumba ndogo, hewa hiyo iliondolewa kwa kuchokoa kwa ufito wa chuma. Njia hiyo hufaa kwa zege jepesi lenye maji mengi, lakini zege la maji mengi ni dhaifu. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet, ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa madaraja yake, ni miongoni mwa watu wa kwanza kulitetemesha zege kwa mashine, na hilo lilikuwa mwaka 1917. Tangu hapo imewezekana kumwaga zege zito lenye maji machache na bado likajaa kila pembe ya boksi.

Vaibreta ya kawaida ina mota, mpira mrefu wenye waya mnene unaozunguka ndani yake, na mwishoni kichwa cha chuma chenye unene wa gunzi la mahindi au kupungua kidogo. Ndani ya kichwa mna kipande cha chuma ambacho uzito wake umelalia upande mmoja. Kinapozunguka kwa kasi, kichwa kizima hutetemeka, na zege lililokizunguka hulegea kama uji, kokoto zikajipanga, na mapovu yakapanda juu na kupasuka. Ziko pia mashine ambazo mota yake imo ndani ya kichwa chenyewe, na ziko za petroli zisizohitaji umeme kabisa. Hizi za mwisho zina moshi na kelele na hatari zake nyingine, nasi hatutaziingilia leo.

Zege likiachwa na hewa, hasara yake hupimika. Wahandisi wa zege hukadiria kwamba matundu ya hewa yakiwa asilimia 2 ya ujazo wake, nguvu hupungua kwa zaidi ya asilimia 10; yakifika asilimia 5, upungufu waweza kufika asilimia 30. Mbao zikibanduliwa, nguzo ya namna hiyo huonekana ina vishimo kama sega la nyuki, na nondo zimechungulia nje. Mafundi huyaziba matundu hayo upesi kwa simiti kabla mwenye nyumba hajafika. Uso wa nguzo huwa laini, na ndani yake hali ikabaki ile ile.

Hapa ndipo usalama wa kibarua na usalama wa nyumba unapokutana, jambo ambalo wenye majengo wengi hawalifikirii. Tumewahi kumwona kijana mmoja, mahali pa ujenzi tusipopataja, akifanya kazi na vaibreta iliyokuwa ikimpiga shoti ndogo ndogo. Alikuwa ameviringisha mifuko ya nailoni mikononi. Kila alipokitumbukiza kichwa ndani ya boksi la nguzo alikitoa mara moja, akahamia nguzo ya pili, na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa zege lilikuwa likiendelea kuja. Mtu anayeiogopa mashine iliyo mkononi mwake hawezi kushindilia zege. Nguzo zile zimesimama leo, zimepakwa rangi, na watu wanapita chini yake.

MAJI, CHUMA NA MWILI WA MTU

Umeme wa nyumba zetu na wa penye ujenzi ni wa volti 230 hadi 240. Mtu mkavu, mwenye viatu vikavu, akiugusa waya huo kwa bahati mbaya huweza kurushwa akanusurika, kwa kuwa ngozi kavu huupinga umeme kwa kiasi fulani. Ngozi iliyolowa maji ya simiti haina upinzani huo. Hesabu ya mafundi wa umeme ni kwamba mwili uliolowa waweza kuwa na upinzani wa omu 1,000 tu au karibu na hapo. Gawanya volti 240 kwa 1,000: mkondo utakaopita ni karibu miliampea 240.

Sasa tuone mwili huvumilia kiasi gani. Miliampea 1 mtu huisikia kama mchomo mdogo. Zikifika kama 10, misuli ya mkono hukaza, na aliyeshika hawezi tena kuachia, hata akili yake ikimwamuru aachie. Zikizidi 30 kifua hubana na pumzi hupata shida. Zikipita 50 na kuendelea, moyo waweza kuacha mapigo yake ya kawaida ukabaki ukitetemeka bila kusukuma damu. Tukumbuke kwamba mshika vaibreta huifumbata kwa viganja vyote viwili, na akikazwa na umeme atazidi kuifumbata.

Wengi husema, mbona fyuzi ipo? Ni kweli, plagi ya pini tatu huwa na fyuzi, na mara nyingi ni ya ampea 13. Lakini fyuzi hiyo iliwekwa ili waya usiungue. Mkondo wa miliampea 240 unaopita katika mwili wa mtu hauifikii hata sehemu moja ya hamsini ya kiwango cha fyuzi. Mtu atakufa na fyuzi itabaki nzima, na mashine itaendelea kutetemeka pembeni mwake.

Umeme hufikaje kichwani mwa mashine ikiwa mota iko mbali? Njia ni nyingi. Mota ikilowa, au waya wake wa ndani ukichubuka kwa mtikisiko wa miaka, umeme huingia katika gamba la chuma. Na kwa kuwa mpira ule una waya wa chuma ndani yake, gamba la mota na kichwa ni kama kitu kimoja. Mara nyingi zaidi ubovu uko katika waya wa kuleta umeme. Waya huo hulazwa juu ya nondo, hukanyagwa, hupitiwa na toroli, huvutwa unapokwama kwenye ncha ya waya wa kufungia, na unapokatika huungwa kwa kusokotwa na kuviringishwa nailoni. Kiungo cha namna hiyo kikilala juu ya wavu wa nondo uliolowa, wavu wote wa slabu waweza kupata umeme, na walio juu yake ni watu kumi, ishirini, wakipokezana makarai.

Twaomba msomaji atuvumilie tukilisema jambo hili kwa ukali kidogo. Kuna desturi ya kukata plagi na kuzichomeka nyaya mbili tupu ndani ya soketi, zikishikizwa kwa njiti za kiberiti. Anayefanya hivyo huuacha waya wa tatu, ule wa ardhi wenye rangi ya kijani na manjano, ukining'inia bila kazi, kwa kuwa mashine huzunguka vizuri bila huo. Waya huo kweli hauizungushi mashine. Kazi yake ni kuuchukua umeme uliovuja kwenye gamba na kuupeleka ardhini kwa njia nyepesi kuliko mwili wa mtu. Aliyeukata ameuachia mwili wa kibarua kazi hiyo.

KINGA ZILIZOPO

Kinga zipo na zinajulikana. Ya kwanza ni swichi ya kukata umeme unaovuja, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Swichi hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ikiona unaorudi umepungua, hutambua kwamba mwingine umepita pasipotakiwa, nayo hukata. Ile ya kumlinda mtu ni ya miliampea 30, si zaidi, na mkondo ukiwa mara tano ya kiwango hicho hupaswa kukata ndani ya milisekunde 40. Kitufe chake kibonyezwe kila asubuhi kabla ya kazi. Ikikataa kukata, swichi hiyo ni pambo. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya zege la slabu moja, na kwa hiyo hatuoni udhuru wa mwenye jengo anayesema hana uwezo nayo.

Ya pili ni kuushusha umeme wenyewe. Nchini Uingereza vyombo vya mkononi vya penye ujenzi kwa desturi hutumia transfoma ya volti 110 iliyogawanywa katikati, hata mtu akiguswa na waya mmoja na ardhi hupata volti 55 tu. Zile mashine zenye mota ndani ya kichwa nazo kwa kawaida hutumia kigeuzi kinachoshusha umeme hadi volti 42 hivi na kuongeza mapigo yake yafike 200 kwa sekunde, na mota yake huweza kuzunguka karibu mara 12,000 kwa dakika. Kampuni kubwa za ujenzi zaweza kuzinunua. Mjenzi wa ghorofa moja au mbili, anayekodi mashine kwa siku, huletewa ile ya volti 240, naye ndiye anayehitaji zaidi swichi ya miliampea 30.

Umeme wa gridi ukikatika, jenereta huwashwa, na wengi huamini kwamba jenereta ndogo haina madhara. Tahadhari inahitajika. Swichi tuliyoieleza hufanya kazi yake sawasawa ikiwa jenereta imeunganishwa na ardhi kwa namna inayotakiwa, na jenereta ndogo nyingi hazitoki kiwandani zikiwa hivyo. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye ujuzi, siku moja kabla ya zege, wala isiachiwe mtu wa kujaza mafuta.

Siku moja kabla, tunasema, na hilo ndilo tunalotaka lishikwe kuliko yote. Karotini likishaanza kuzunguka hakuna msimamizi atakayesimamisha watu thelathini kwa ajili ya waya uliochubuka. Tunawafahamu wasimamizi wema, wenye huruma, ambao saa nane mchana, wingu likiwa limekaa vibaya, waliamuru kazi iendelee na waya ukiwa umefungwa nailoni. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe wakati mifuko ya simiti bado imefungwa. Waya wote upitishwe mkononi toka mwanzo hadi mwisho. Wenye kidonda ubadilishwe. Plagi ifunguliwe ionekane kama waya wa ardhi umeshikwa kweli. Mashine iwashwe kwa muda mfupi isikike. Mashine ya pili ya akiba iwepo, ama sivyo ile mbovu itatumika tu.

KATIKA KAZI YENYEWE

Vaibreta yataka watu wawili, na wa tatu awe karibu na swichi. Mmoja hushika kichwa, wa pili hubeba mota na kuuongoza mpira usipinde kwa ghafla, kwa maana waya unaozunguka ndani hukatika ukipindwa mno. Mota ikae juu ya ubao mkavu na thabiti, isiwekwe juu ya nondo. Waya wa umeme utundikwe juu ya vigingi vya mti, usilale katika zege. Mashine isiburutwe wala kuteremshwa kwa kuvutwa waya wake. Wanapohama kutoka upande mmoja wa slabu kwenda wa pili huzima kwanza. Wa tatu, yule wa swichi, asipewe kazi nyingine. Macho yake yawe kwa mshika kichwa.

Kichwa huzamishwa wima na upesi kwa uzito wake chenyewe, kikaachwa kwa sekunde kama tano hadi kumi na tano mpaka mapovu yakome na uso wa zege ung'ae, kisha hutolewa polepole, sentimita nane hivi kwa sekunde, ili tundu lijifunge nyuma yake. Zege la nguzo limwagwe kwa tabaka zisizozidi nusu mita, na kichwa kipenye kidogo, kama sentimita 15, katika tabaka la chini lililo bado bichi, ili viwili viwe kimoja. Nafasi ya kuchoma mara ya pili hutegemea unene wa kichwa. Kipimo cha haraka ni mara nane hadi kumi ya unene huo. Baadhi ya vibarua hutumia kichwa kulisukuma zege liende mbali. Kufanya hivyo hutenganisha kokoto na simiti, na humchosha mtu bure. Wengine hukiegemeza kwenye nondo wakidhani kazi itakwenda upesi; nondo zilizokwisha kushikwa na zege la awali hulegezwa, na mtetemo hurudi mikononi.

Mashine isiachwe ikizunguka hewani. Kichwa hupozwa na zege lenyewe. Kikikaa nje huwaka moto, mipira ya kuzuia maji huharibika, na siku ya pili maji huingia ndani. Ubovu mwingi wa umeme tuliousimulia huanzia hapo, katika dakika za maongezi wakati watu wakingoja karai. Boksi nalo liangaliwe: zege linapotetemeshwa hulegea na kusukuma mbao kwa nguvu kubwa, na boksi lililofungwa kwa misumari michache hupasuka, likamwaga mzigo wote miguuni mwa aliye chini.

Kuhusu mavazi, viatu vya mpira na glavu ni lazima. Maji ya simiti ni makali, huunguza ngozi polepole bila mtu kusikia, na jioni ndipo kidonda huonekana. Lakini asitokee mtu akadhani kwamba viatu vya mpira ni kinga ya umeme. Kiatu kilichoingia maji ndani, au chenye tundu, hakimtengi mtu na ardhi. Na aliyegusa nondo kwa goti hakulindwa na kiatu chochote.

MIKONO

Liko dhara jingine ambalo halipigi kwa ghafla. Mwaka 1918 daktari wa Kimarekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe ya chokaa wa mji wa Bedford, katika jimbo la Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo za hewa. Aliwakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. Ugonjwa huo hutokana na mtetemo kuharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Katika nchi zetu za joto weupe huo hauonekani kwa urahisi, nasi twahofu kwamba kwa sababu hiyo ganzi ya vidole hudharauliwa: kibarua hushindwa kufunga kifungo cha shati, akasema ni uchovu.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kipimo mwaka 2002. Mtetemo wa mikono ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba, kwa wastani wa siku ya saa nane, mwajiri hupaswa kuchukua hatua. Ukifika 5, haruhusiwi kuuzidisha. Sisi hatuna haja ya kungoja vyombo vya kupimia. Mshika mpira ashike karibu na mota kuliko karibu na kichwa, asikamate kichwa chenyewe kikiwa kinatetemeka, na wabadilishane zamu. Zamu hiyo hupunguza pia uchovu, na mtu aliyechoka ndiye anayejikwaa kwenye waya.

AKIPIGWA NA UMEME

Mwenzao akinaswa, wa kwanza kufika asimguse; atanaswa naye. Swichi izimwe, au plagi ing'olewe. Ikiwa haifikiki, anayetaka kumtoa asimame pakavu na kumsukumia mbali waya kwa mti mkavu. Kisha atazamwe kama anapumua. Kama hapumui, kifua chake kibonyezwe katikati kwa nguvu na kwa upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Hata aliyeinuka mwenyewe akasema hana neno apelekwe hospitali, kwa sababu moyo waweza kukosea baadaye.

Sheria zipo. Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007, Tanzania ya mwaka 2003, na zote humtwika mwajiri jukumu la kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Lakini mkaguzi wa serikali hawezi kuwepo penye kila slabu siku ya zege, hasa zile zinazomwagwa Jumapili. Aliyepo ni msimamizi, na kibarua aliyeletwa alfajiri hana uwezo wa kukataa mashine mbovu, maana nje ya lango wapo wengine wanaongoja nafasi yake. Kama msimamizi hakukataa kwa niaba yake, hakuna atakayekataa.

Kazi ikiisha, usiku mara nyingi, watu wamechoka na kila mmoja anatafuta ndoo ya kuoshea. Ajali nyingine hungoja hapo. Zege lililoganda kwenye kichwa na mota hutakiwa kuondolewa kabla halijakauka, na mtu huleta maji huku mashine ingali imechomekwa. Plagi ichomolewe kwanza, aliyeichomoa abaki nayo mkononi, ndipo kichwa kioshwe kwa maji na mota ipanguswe kwa kitambaa. Waya ukunjwe ukiwa mkavu, na ulioonekana kuwa na jeraha utiwe alama usiku ule ule, kwa maana asubuhi mashine huchukuliwa na mwenyewe na kupelekwa kwa mwingine aliyeikodi.